Foleni ya Masaa Sita

Damu zao, mtu na shemeji yake, hazikupatana tangu mwanzo, na mwanzo wenyewe ulikuwa zamani, wakati mdogo wa mkewe alipokuja kukaa kwao miaka miwili ili asome chuo. Nyumba ilikuwa na kompyuta moja, mezani karibu na kabati la vyombo, na mume wa dada yake aliitia neno la siri. Binti akiitaka kwa kazi za chuo, sharti aombe. Akiomba, sharti aeleze ni kazi gani na itachukua muda gani. Akimaliza, shemeji yake anasimama nyuma ya kiti mpaka ahakikishe imezimwa. Binti hakulia wala hakushtaki kwa dada yake. Alimpa jina tu. Alimwita Kufuli.

Miaka ikapita, jina likamfuata hadi kazini.

Kazini kwenyewe ni hospitali kubwa, ile ya ghorofa tano, na kwa miaka kumi na mmoja Kufuli ndiye aliyetunza hifadhidata yake. Majina ya wagonjwa, vipimo, dawa walizoandikiwa, dawa zinazowadhuru, vyote vilikaa kwenye seva moja ndani ya chumba cha baridi nyuma ya ofisi yake. Aliijua seva ile kama mtu anavyoijua njia ya kwenda chooni gizani. Mkuu wa kitengo cha kompyuta alipostaafu, Kufuli akaanza kukiangalia kile kiti kwa jicho la mwenye mali. Alishajua hata meza ataigeuzia upande gani.

Tangazo likatoka, watu wakaitwa kwenye usaili, na kiti akapewa mdogo wa mkewe, aliyetoka kampuni ya simu na vyeti vya kujaza bahasha.

Asubuhi ya kwanza alipita meza kwa meza akisalimia. Alipofika kwa shemeji yake alisimama, akatabasamu kwa meno ya mbele tu.

"Kufuli! Kumbe bado upo?"

Wiki haikuisha, hata wafagizi wakawa wanamwita Kufuli.

Nyumbani alimlalamikia mkewe. Mkewe alikuwa anakunja nguo, na hakuinua kichwa. "Yule ni mdogo wangu, wewe ni mume wangu," alisema. "Ya ofisini yaishie ofisini. Msinifanye mimi refa."

Lakini hayakuishia ofisini, wala hayakuishia nyumbani. Yalikwenda yakirudi, na kila yakirudi yameongezeka uzito.

Sasa, hospitali ile ilikuwa na seva ya pili. Iliwekwa ng'ambo ya mji, kwenye jengo lililokuwa zamani la kufulia mashuka, ili hospitali kuu ikiungua moto au ikifurika maji, taarifa za wagonjwa zisiteketee nayo. Waliiita seva ya akiba. Kila kitu kilichoandikwa kwenye seva kuu kilitumwa kule papo hapo, ila Kufuli alikuwa ameiwekea akiba utaratibu wake: kupokea ipokee mara moja, lakini isiandike ndani yake mpaka yapite masaa sita. Mabadiliko yalikaa kwenye foleni yakisubiri zamu. Sababu aliijua yeye. Moto na mafuriko ni nadra, ila mtu kukosea ni kila siku. Mtu akifuta kitu asichotakiwa kufuta, akiba inakuwa bado haijakifuta. Una masaa sita ya kuiambia simama.

Mkuu mpya aliliona jambo hilo kwenye ripoti, na badala ya kuvuka korido kuuliza, alilipeleka kwenye kikao cha Jumatatu. Walikuwapo watu kumi na mmoja, Daktari Mkuu akiwa kichwani mwa meza. Mkuu mpya aliwasha projekta, mstari mwekundu ukatokea ukutani.

"Seva yetu ya akiba iko nyuma kwa masaa sita," alisema. "Jengo hili likiungua sasa hivi, itabidi tusubiri imeze foleni yote hiyo ndipo wodi zipate taarifa. Zaidi ya saa nzima madaktari wanafanya kazi kwa kubahatisha. Nani aliamua hivi?"

Macho yote yakamgeukia Kufuli.

Hoja yake haikuwa ya kijinga, na Kufuli alilijua hilo. Vilevile alijua kwamba yeye angemaliza mjadala kwa sentensi tatu. Angesema foleni ile ni ya nini, wangekubaliana kuwa na seva mbili za akiba, moja ya haraka na moja ya kuchelewa, na kikao kingeendelea. Sentensi zenyewe zilikuwa zimeshafika mdomoni. Lakini alimwona shemeji yake amesimama pembeni ya ule mstari mwekundu, mkono kiunoni, akimsubiri ababaike, na roho yake ikakataa kumpa hata neno moja la bure.

"Mimi ndiye niliyeamua," alisema. "Ukitaka iondolewe, nipe kwa maandishi."

"Unataka maandishi?"

"Nataka maandishi, Mkuu."

Akamwandikia palepale, akasaini kwa nguvu mpaka kalamu ikatoboa karatasi. Kufuli akaikunja, akaitia mfukoni, akaenda kuiondoa foleni kwa amri ya mstari mmoja. Haikuchukua hata dakika. Karatasi akaitia kwenye faili lake na kulifungia ndani ya mtoto wa meza. Moyoni alikuwa anachekelea. Iko siku, alijiambia, mmoja wa wale vijana wake wa vyeti atafuta kitu, kila mtu aulize akiba iko wapi, na hapo yeye ataleta karatasi.

Hakusubiri sana. Siku ilikuja Alhamisi ya wiki ileile.

Jumamosi yake kulipangwa zoezi la kuhamia seva ya akiba, na Kufuli alikuwa anaandaa seva ya mazoezi, ile ya kuchezea, yenye wagonjwa wa kubuni. Alitakiwa kulisafisha jedwali la mzio, yaani orodha ya nani anadhurika na dawa gani, kisha aweke majina mapya. Kwenye skrini alikuwa na madirisha mawili, la mazoezi na la seva kuu, yote meusi, yote na maandishi meupe. Simu ya mezani ikalia.

"Nataka maneno ya siri yote ya seva," alisema Mkuu bila salamu. "Yaandikwe, yatiwe kwenye bahasha, yafike kwangu kabla ya saa sita."

"Kuna utaratibu wa mambo hayo."

"Utaratibu ni mimi. Au unataka nije niombe, kisha usimame nyuma ya kiti changu kuangalia kama nimezima?"

"Usiniletee mambo ya nyumbani."

"Nani ameyaleta? Mama anakuja mwezi ujao kutibiwa macho. Nilimuuliza atashukia kwa nani. Unajua amesema nini? Amesema kwako hakai, kwako hata maji ya kunywa yana ruhusa."

Simu ikakatwa upande wa pili. Kufuli alibaki ameishika, masikio yakimwaka. Mama mkwe! Mama mkwe ambaye hajawahi kumvunjia heshima hata siku moja. Alirudisha simu kwa kishindo, akavuta kibodi, akaandika amri ya kufuta kama mtu anayempiga mtu makofi, akabonyeza.

Seva ya mazoezi ilikuwa na rekodi mia tatu na kumi na mbili. Skrini ikamjibu: rekodi elfu themanini na sita, mia mbili na kumi na nne zimefutwa.

Akausoma mstari ule mara mbili. Kisha akasoma jina la dirisha.

Mkono ukakimbilia seva ya akiba wenyewe, kwa mazoea ya miaka kumi na mmoja, kwenda kuisimamisha foleni. Foleni haikuwapo. Aliiuliza akiba ina rekodi ngapi za mzio, ikamjibu: sifuri. Ilikuwa imefuta sekunde mbili tu baada ya seva kuu, kwa utiifu kabisa, kama alivyoiamuru mwenyewe siku ya Jumatatu.

Ubaya wa kosa lenyewe ni kwamba halikuwa na kelele. Laiti kompyuta zingezima, wodi zingejua. Hazikuzima. Ziliendelea kufanya kazi vizuri, ila sasa nesi yeyote aliyefungua faili la mgonjwa yeyote aliona maneno yaleyale, safi kabisa: hana mzio wowote.

Ilikuwa saa tano na dakika nane asubuhi. Kitu cha kufanya alikijua: ainue simu, apige famasia na wodini, aseme msiiamini kompyuta. Simu ilikuwa karibu na kiwiko chake. Hakuiinua. Alifikiria sauti itakayompokea, alifikiria kikao, mstari mwekundu na mkono kiunoni, akajisemea kwamba akifanya haraka atarudisha kila kitu kabla mtu hajajua. Alijaribu hili, akajaribu lile. Nakala za taarifa zote, zinazochukuliwa kila Jumapili, zilikuwa kwenye diski ndani ya kabati kule kwenye jengo la kufulia, na ili aende angehitaji gari, na gari husainiwa na Mkuu. Akatafuta uongo wa kuombea gari. Alipoupata, simu ikalia.

Ilikuwa wodi ya upasuaji wa wanaume, nesi wa zamu.

"Kompyuta yenu ina nini?" Alikuwa anahema. "Nina mzee hapa kitanda cha tisa, tumemchoma penisilini, uso umevimba, pumzi haipiti! Binti yake anapiga kelele kwamba waliandikisha mwaka jana kuwa dawa hiyo inamdhuru. Mimi nimeangalia kabla ya kuchoma, nimeangalia kwa macho yangu, pameandikwa hana! Hana!"

Kufuli akatazama saa ya ukutani. Zilikuwa zimepita dakika ishirini na mbili.

Aliingia ofisini kwa Mkuu bila kubisha hodi. Mkuu akainua uso, tayari kufoka.

"Nimefuta orodha ya mzio," alisema. "Yote. Kwenye seva kuu. Wodi ya upasuaji wameshamchoma mtu."

Hapo Kufuli aliona kitu ambacho hakukitegemea. Yule mwanamke hakupiga kelele. Alinyakua simu, akapiga famasia, akapiga wodi moja baada ya nyingine kwa sauti ileile kavu: msichome, msigawe, muulizeni kila mgonjwa kwa mdomo, asiyeweza kusema aulizwe ndugu yake, kompyuta msiiamini mpaka niwapigie tena. Alimtuma karani akimbie ghorofa zote akarudie maneno hayohayo. Ilimchukua dakika sita. Ndipo akaweka simu chini.

"Kwenye akiba je?"

"Nako imefutika."

"Baada ya muda gani?"

"Sekunde mbili."

Kufuli alimwona anavyofikiri, macho yakitembea kwenye meza bila kuona kitu.

"Ile foleni," alisema polepole. "Ya masaa sita. Ilikuwa kwa ajili ya kitu kama hiki."

"Ndiyo."

"Na siku ile ulijua."

"Nilijua."

"Ukakaa kimya mbele ya watu kumi na mmoja."

"Hukuuliza," Kufuli alisema, na sauti ilianza kumpanda. "Hukuuliza hata kidogo! Uliamrisha. Uliniweka ukutani kama picha. Nina karatasi yako, umeisaini kwa mkono wako."

"Unayo?" Mkuu alisimama. "Basi kaichukue. Panda nayo ghorofa ya tatu, kamwonyeshe mzee wa kitanda cha tisa. Mwambie uso wake umevimba kwa saini yangu."

Mkuu akaitazama saa yake.

"Simu ya nesi imekuja saa ngapi?"

"Tano na nusu."

"Na kufuta umefuta saa ngapi?"

Akamwambia. Mkuu alipiga hesabu bila kutumia vidole, na uso wake ukabadilika. Ilikuwa chuki tupu, haikufunikwa na chochote, na Kufuli alijua kwamba safari hii haihusiani na kompyuta ya sebuleni.

"Lete funguo za kabati," alisema. "Twende."

Walikwenda kwa gari la hospitali, yeye mbele na dereva, Kufuli nyuma. Njia nzima hakuna aliyefungua mdomo ila dereva, aliyeanza mzaha juu ya foleni za barabarani, akaona hapakaliki, akauacha katikati.

Jengo la kufulia lilikuwa bado linanuka sabuni. Seva ilinguruma kwenye chumba kisicho na dirisha, penye meza moja na viti viwili vya plastiki. Kazi iliyokuwa mbele yao ilikuwa rahisi kueleza: kuirudisha nakala ya Jumapili kwenye mashine ile, kisha kuipitishia mabadiliko ya siku nne zote, moja baada ya jingine kama yalivyotokea, na kuisimamisha kabla haijafika kwenye amri ya kufuta. Ikipitiliza hata kwa sekunde, itajifuta upya, nao waanze tena mwanzo.

Masaa matano walikaa bega kwa bega wakisemeshana kama mashine.

"Diski ya pili."

"Tayari."

"Soma namba."

"Nimeshaisoma."

"Isome tena, nisikie."

Kila baada ya muda Mkuu alikuwa anatoka nje na simu yake kuulizia wodini. Akirudi haelezi alichoambiwa. Mara ya nne Kufuli hakuweza kuvumilia.

"Mzee anaendeleaje?"

"Una haki gani ya kuuliza?" Akaketi. Macho yakiwa kwenye skrini, akasema, "Anapumua kwa mashine. Wanasema atapona."

Walibishana mara moja tu, juu ya pa kusimama. Kufuli alisema saa tano, dakika ya nane, sekunde ya tano. Amri yake ilipita sekunde ya saba, ameiona. Mkuu alitaka wasimame dakika ya saba na nusu.

"Ukirudi nyuma hivyo utawaacha walioandikishwa katikati."

"Nimekwisha kukuamini leo, inatosha."

Wakasimama pale alipotaka yeye. Orodha ilirudi, wakaihesabu: elfu themanini na sita, mia mbili na kumi na tatu. Alipungua mtu mmoja. Kufuli alimtazama, naye alielewa. Alipiga simu mapokezi, wakatafuta kwenye daftari, wakampata: mama mjamzito aliyeandikishwa dakika ileile, bado yuko kwenye benchi anasubiri kuitwa. Wakamwandika upya kwa mkono, wakaituma orodha nzima kwenye seva kuu. Saa kumi na moja jioni Mkuu akazipigia wodi zote kuwaambia kompyuta iaminike tena. Kisha akachukua mkoba wake, akapanda gari, akamwambia dereva aende. Kufuli alirudi kwa miguu mpaka barabara kubwa.

Mkewe alikuwa amekaa sebuleni, televisheni imezimwa.

"Dakika ishirini na mbili," alisema, kabla hata mumewe hajavua viatu.

"Amekupigia?"

"Mimi ndiye niliyempigia. Alikuwa hataki kusema." Alimtazama mumewe kama anayetafuta kitu alichokiweka mahali na hakioni. "Kama ni baba yangu alikuwa kwenye kile kitanda, ungekaa dakika ngapi?"

Kufuli alifungua mdomo. Alitaka kumwambia habari za simu, za mama mkwe na maji ya kunywa, za kikao na ule mkono kiunoni. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililolingana na swali.

"Sikutaka ajue," alisema.

"Haya," alisema mkewe, akaingia chumbani.

Ripoti ya Mkuu ilitoka wiki iliyofuata. Kufuli aliisoma akisubiri kuona jinsi shemeji yake atakavyojinasua, na hakuona. Aya ya kwanza ilikuwa yake mwenyewe: aliagiza foleni iondolewe bila kuuliza ilikuwa ya kazi gani, na bila agizo hilo taarifa zingerudishwa kwa muda mfupi. Hakuipaka rangi. Aya ya pili ilikuwa ya Kufuli: ukimya wa Jumatatu, amri ya Alhamisi, dakika ishirini na mbili. Hiyo nayo hakuipaka rangi. Kufuli angefurahi kama Mkuu angedanganya walau mahali pamoja, apate pa kushika.

Mzee alikaa kwenye mashine siku mbili. Alipohamishiwa kitanda cha kawaida Kufuli alipanda kwenda kumtazama. Hakufika kitandani. Binti wa mzee alimkuta mlangoni, akamuuliza yeye ni nani, naye akasema ni mtu wa kompyuta.

"Wewe ndiye?"

"Ni mimi. Nimekuja kumwomba radhi mzee."

Yule binti alijaa mlango mzima. "Baba amelala. Na akiamka sitamwambia ulikuja. Geuka urudi ulikotoka."

Akageuka.

Hawakumfukuza. Walimwondoa kwenye seva kuu, wakampeleka kule kwenye jengo la kufulia. Wakamnunulia seva nyingine aiweke pembeni ya ile ya kwanza: moja ikawa inaandika papo hapo, ya pili inachelewa masaa sita. Kabla hajahama, Mkuu alimsimamisha mbele ya kikao, watu walewale kumi na mmoja, aeleze foleni ni ya nini. Alieleza kwa sentensi tatu. Daktari Mkuu akauliza, "Ni hivyo tu?" Akajibu, "Ni hivyo tu." Hakuna aliyemwangalia alipokuwa anarudi kitini.

Zoezi la kuhama lilifanyika mwezi mmoja baadaye, saa tatu asubuhi, Mkuu akiwa hospitali kuu na Kufuli ng'ambo, kwenye simu. "Hamisha." "Nimehamisha." "Wodi zinaona?" "Wewe ndiye uliye na wodi." "Zinaona. Rudisha." Dakika kumi na moja kwenda na kurudi, bila dosari hata moja. Kufuli alitaka kusema kitu, hata kama ni kazi njema tu, lakini simu ilikuwa imeshakatwa.

Mama mkwe alikuja kutibiwa macho, akashukia kwa binti yake mdogo.

Siku moja jengo la kufulia lilikatikiwa maji, Kufuli akaruhusiwa kuondoka mapema. Alipofungua mlango wa nyumba alisikia kicheko sebuleni, cha mkewe na cha mtu mwingine, na sauti za watoto wake wakigombea kumsimulia mama mdogo jambo la shuleni. Alisimama kwenye korido na mkoba wake. Kicheko kikakatika. Shemeji yake alitoka, ameshavaa viatu.

"Shemeji," alisema.

"Shemeji."

Akampita ubavuni bila kumgusa, akaenda zake. Sebuleni mkewe alikuwa ameshaanza kukusanya vikombe, na watoto wakamuuliza baba yao mbona leo amewahi.